Jakuzi linavuja, fundi anasema limepasuka

"Fundi, habari za kazi. Tuna jakuzi la watu watano nyumbani Mbezi Beach, liko juu ya gorofa, kwenye kibaraza cha wazi. Tulilinunua mtumba kutoka hoteli iliyokuwa inabadilisha vifaa, likapandishwa juu na vijana wanane kwa kamba. Tangu tulijaze mwezi uliopita maji yanapungua kama sentimita nne kwa siku. Tukiacha kuongeza, yanashuka hadi chini kidogo ya mstari wa jeti za chini, kisha yanasimama hapo hapo hata siku tatu. Kwa nje maji yanatokea kona yenye pampu. Fundi wa kwanza amesema ganda limepasuka, anataka kulipaka faiba lote kwa ndani. Wa pili anasema tupige silikoni kwenye kila jeti. Shemeji yangu anasema kuna dawa inamiminwa tu majini inaziba yenyewe. Dari ya sebuleni imeanza kuweka doa la kahawia. Maji tunayotumia ni ya kisima, yana chumvi kidogo. Halafu, sijui kama inahusiana, mwanangu juzi alisema akiweka mkono maji yanamtekenya. Nilipogusa mimi nilisikia kama ganzi kwenye kidole chenye mkwaruzo. Nianze na lipi?"

Dada yangu, anza na hilo la mwisho. Umeliweka chini kama nyongeza, lakini ndilo jambo kubwa kuliko yote uliyoandika. Maji yanayomtekenya mtoto ni umeme. Si klorini, si joto, wala si chumvi ya kisima. Kabla hujasoma zaidi, nenda kwenye boksi la breka, shusha breka ya jakuzi, ibandike kipande cha tepu na karatasi iliyoandikwa USIWASHE, kisha rudi tuongee. Kulizima kwa kile kitufe cha juu ya jakuzi hakutoshi. Kitufe kinasimamisha pampu tu, umeme unabaki ndani. Kabla breka haijashuka, mtu asiguse yale maji hata kwa kuyachota na kopo.

Nikueleze kinachotokea. Ndani ya hita kuna koili: waya wa joto uliofungiwa kwenye kijibomba chembamba cha chuma, na kati ya waya na chuma umeshindiliwa unga mweupe unaozuia umeme usivuke. Maji ya chumvi hukila kile kijibomba pole pole mpaka yanatoboa tundu dogo kuliko tundu la sindano. Unga unalowa, na umeme unapata njia ya kuingia majini. Yawezekana pia koili yenu ni nzima, ila maji yanayovuja yamelowesha boksi la nyaya au mota ya pampu. Kwa hiyo ndiyo, huenda mambo haya mawili yanahusiana.

Jambo la pili la kujiuliza ni kwa nini breka haikuanguka. Breka ya kawaida ya ampia 32 hailindi mtu, inalinda waya usiungue. Umeme mdogo unaotosha kumuua mtoto, kwa breka hiyo ni kama haupo. Kinacholinda mtu ni RCD, ile breka pana yenye kitufe kidogo cha kujaribia, ambayo hukata umeme pale unaovuja unapofika miliampia 30. Kama mmetekenywa na nyumba haikuzima, basi huenda RCD haipo, au imekufa, au umeme unaovuja bado haujafika kiwango hicho, na huenda ethi, ule waya wa kwenda ardhini, nayo haijaungwa. Nimeshafungua majakuzi ya mtumba nikakuta waya wa kijani na njano umekunjwa vizuri, umefungwa tepu, umeachwa pembeni, kwa sababu aliyeunganisha alikuta linawaka bila huo waya akaona haina haja.

Hapo si kazi yako, si kazi ya fundi bomba, na wala si yangu kwa barua. Tafuta fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, na muulize mapema kama ana mega, yaani kile kipimo cha kupimia uvujaji wa umeme kwenye nyaya na koili. Akija na testa ya bisibisi peke yake, mshukuru umuage. Hita ikionekana inavuja umeme haitengenezwi, inabadilishwa. Na jakuzi lisiwashwe tena mpaka RCD na ethi viwepo na vimejaribiwa mbele yako.

Sasa tuje kwenye maji.

Habari njema ni kwamba ganda lenu, kwa maelezo uliyotoa, karibu hakika halijapasuka. Sina ugomvi na fundi wako wa kwanza, ila ganda la jakuzi la aina yenu ni karatasi nene ya akriliki iliyotandikwa faiba kwa nyuma, na kuipasua mpaka maji yapite si kazi ndogo. Maganda machache yaliyopasuka niliyoyaona yalikuwa yamedondoshwa, au yalikaa mahali ambapo chini kuna uwazi, uzito wa maji ukalikunja ganda kila siku mpaka likachoka. Hata hayo ufa ulionekana kwa macho, sakafuni pa miguu au kwenye kona ya kiti. Na hata kama ungekuwepo ufa, kupaka faiba kwa ndani ni kutupa hela: resini haishiki vizuri kwenye akriliki inayong'aa. Baada ya miezi michache ya maji ya moto itaanza kubanduka kama rangi ya dirisha, na utakuwa umeharibu sura ya jakuzi zima.

Tupige hesabu kidogo. Uso wa maji kwenye jakuzi la watu watano ni kama mita tatu za mraba, kwa hiyo kila sentimita moja inayoshuka ni lita 30. Sentimita nne ni lita 120, ndoo sita za lita 20 kila siku. Ukizigawa kwa dakika za siku nzima, ni kama kikombe kimoja cha kahawa ya barazani kila dakika. Hilo si tone tena, ni kijito. Maji mengi namna hiyo yanaacha njia, na njia tutaiona.

Lakini usilaumu tundu kwa maji yote yanayopungua. Jakuzi la wazi, maji nyuzi 38 na upepo wa bahari unapita juu yake, linaweza kupoteza sentimita moja mpaka mbili kwa siku kwa mvuke tu. Wapo watu walioniita kutoka mbali nikakuta jakuzi zima kabisa, kosa ni kifuniko kilichochanika. Kipimo ni rahisi: chukua ndoo, ijaze maji ya jakuzi, isimamishe kwenye kingazi cha ndani ili maji ya ndoo na ya jakuzi yawe joto moja, weka alama mbili za tepu, moja ndani ya ndoo na nyingine kwenye ganda. Baada ya saa 24 linganisha. Kilichopungua kwenye ndoo ni mvuke. Kilichozidi hapo kwenye jakuzi ndicho kinachovuja. Kipimo hiki kinataka pampu iwe imezimwa, na yako sasa imezimwa kwa lazima, basi tumia nafasi. Breka ikishashuka na umehakikisha kuwa ni yenyewe, maji hayana shida ya kuguswa. Kama boksi lenu halina majina na hujui ipi ni ya jakuzi, zima swichi kuu ya nyumba kwa muda huo.

Kitu kilichonifurahisha kwenye barua yako ni kwamba mmeyaacha maji yashuke mkaangalia yanasimama wapi. Mafundi wengi hawana subira hiyo. Umewahi kuona mafundi uashi wanavyopima levo ya msingi kwa mpira mwembamba unaoonyesha ndani, umejazwa maji, mmoja anashika huku na mwingine kule? Maji ya pande zote mbili lazima yakae usawa mmoja, hata mpira upite chini ya shimo. Jakuzi ni hivyo hivyo. Beseni, mabomba ya nyuma, pampu, hita, jeti, vyote vimeungana, na pampu ikizimwa maji yote yanakaa levo moja. Kama tundu liko chini kwenye pampu, maji yataendelea kushuka mpaka yakaribie sakafu ya miguu, pale penye vichujio vya kuvutia maji. Yenu yanasimama chini kidogo ya jeti za chini. Maana yake tundu lenyewe liko kwenye kimo hicho. Juu ya hapo haliwezi kuwa, maana maji yangesimama mapema. Chini haliwezi kuwa, maana yangeendelea. Ukizungusha jicho kwenye kimo hicho ndani ya jakuzi utakuta kitu kimoja tu kilichotobolewa kwenye ganda: jeti zenyewe, na pengine taa.

Basi kwa nini maji yanatokea kona ya pampu? Kwa sababu maji hayatoki pale yanapoonekana. Yanateremka nyuma ya ganda, yanafika kwenye sakafu ya plastiki ya jakuzi, yanatafuta mteremko, na yanatokea penye upenyo. Kona ya pampu ndiyo mara nyingi yenye upenyo kwa sababu ndipo nyaya zinapoingilia. Hili lilinitia aibu mimi mwenyewe zamani, kwenye hoteli moja ya ufukweni. Niliona maji chini ya pampu, nikabadilisha sili ya pampu. Baada ya wiki maji yapo. Nikasema sili ilikuwa feki, nikabadilisha tena. Meneja hakusema neno, aliniletea chai tu akaniangalia. Siku ya tatu ndipo nilipofungua upande wa pili kabisa na kukuta jeti inalia machozi taratibu, maji yanapita chini ya jakuzi zima mpaka kwa pampu, kwa sababu sakafu ya pale ilikuwa na mwinamo wa vidole viwili.

Jakuzi lenu lina historia inayonipa picha nzuri. Lilitolewa hotelini, huenda lilikaa kavu kwa muda, likalazwa ubavu, vijana wanane wakalipandisha. Vijana wanashika wapi? Wanashika bomba, kwa sababu bomba linashikika. Na gasketi ya jeti, yule mpira mwembamba wa mviringo kati ya jeti na ganda, ikikaa kavu miezi kadhaa inakuwa ngumu kama soli ya kandambili kuukuu. Ukiijaza maji haivimbi tena kuziba. Ongeza kuvutwa kwa bomba, jeti ikazunguka hata robo, umepata lita zako 120.

Jinsi ya kuipata jeti yenyewe. Fungua mbao za pembeni, huwa zimeshikwa na skrubu chache. Nyuma utakuta ama uwazi na mabomba yanaonekana, ama povu gumu la njano limemwagwa kila mahali. Povu likiwepo, tafuta eneo lililolowa na lenye rangi ya giza, ulitoe kwa mkono au kisu cha mkate, kwa vipande vidogo. Usichome bisibisi kwa nguvu. Nimeona mtu akitafuta tundu moja akatengeneza matatu. Wakati unatafuta, chumvi ya kisima chenu itakusaidia: palipokuwa panavuja kwa wiki kadhaa maji yamekauka yakaacha njia nyeupe kama chokaa, na ukiifuata kwenda juu itakufikisha kwenye jeti. Ikiwa hakuna njia nyeupe, kausha nyuma za jeti zote za chini kwa taulo, zipake poda ya mtoto kidogo, halafu mtu mwingine ajaze jakuzi pole pole. Yakifika chini kidogo ya jeti, simameni robo saa. Ongezeni vidole viwili, simameni tena. Poda ni kavu na nyeupe. Tone la kwanza likipita linachora mstari ambao hata asiyeona vizuri atauona. Kipande hiki ndicho kinachochosha, na ndicho watu wanachokiruka, halafu wanakuja kuziba jeti zote ishirini badala ya moja.

Ukiipata, angalia kama ni gasketi inayotoa au ni mpira unaoingia nyuma ya jeti. Jeti nyingi zimeunganishwa kwa mipira laini iliyobanwa na klipu. Klipu ikilegea, au mpira ukikakamaa, kata sentimita mbili za mwisho, loweka ncha kwenye maji ya moto ilainike, irudishe na ufunge klipu mpya ya chuma kisichoshika kutu. Na uangalie meno ya panya. Nyuma ya jakuzi kuna joto, kuna giza, kuna povu la kutandika kiota. Panya wa Dar hawahitaji mwaliko.

Kama ni gasketi, kazi yake ni hii. Shusha maji chini ya jeti. Kwa ndani zungusha uso wa jeti utoke. Utaona mwili wa jeti umeshika ganda kwa mdomo mpana, na kwa nyuma kuna nati kubwa ya plastiki. Fungua nati, usukume mwili nje, utoe gasketi ya zamani, usafishe ganda pande zote mpaka kidole kisiguse ukoko wowote. Gasketi mpya iwe ya kipimo kile kile. Usiende kwenye maduka ya Kariakoo au Gerezani na picha ya simu, nenda na ya zamani mkononi na jeti yenyewe ikiwezekana. Kama unataka ilainike iingie vizuri, paka grisi ya silikoni. Usipake vaselini wala grisi ya gari. Mafuta yatokanayo na petroli yanavimbisha mpira wa aina hii, na baada ya muda unapoteza umbo na unarudi ulikotoka. Kaza nati kwa mkono, halafu robo ya mzunguko kwa spana, basi. Plastiki ikikazwa kwa hasira inapasuka, na hapo ndipo utakapohitaji jeti nzima.

Fundi wako wa pili na silikoni yake hajakosea kila kitu. Utando mwembamba wa silikoni juu ya gasketi mpya, kwenye ganda kavu na safi, ukaachwa saa 24 kabla ya maji, naukubali na mimi mwenyewe huwa naufanya kwenye ganda lenye mikwaruzo. Nisichokikubali ni kupaka silikoni kuzunguka uso wa jeti kwa ndani, juu ya uchafu na mafuta ya mwili yaliyokaa miaka hotelini. Itashika wiki mbili, itabanduka upande mmoja, na atakayekuja baadaye atatumia siku nzima kukwangua kabla hajaanza kazi.

Ile dawa ya shemeji ipo kweli na si utapeli. Ni kimiminika kinachozunguka na maji na kuganda pale kinapokutana na hewa kwenye tundu. Kwa nyufa za unywele, ndani ya povu mahali pasipofikika, imewahi kuniokoa. Lakini inataka pampu izunguke masaa mengi, na pampu yenu hairuhusiwi kuwashwa. Tena kwa uvujaji wa kikombe kwa dakika haina nguvu hiyo. Na ukisahau kutoa filta kwanza, itaganda kwenye filta.

Nikiwa nimekosea mimi, utajua kwa maji yenyewe. Kama sasa hivi, breka ikiwa chini, maji yanapita ule mstari na kuendelea kushuka, basi ushahidi umebadilika na tunarudi kwa pampu. Angalia yunioni zake, zile nati kubwa mbili zinazounganisha pampu na mabomba. Watu hufungua wakazungushia tepu nyeupe ya mabomba kwenye meno. Haisaidii, kwa sababu yunioni haizibi kwa meno, inaziba kwa oringi, pete ya mpira iliyo ndani. Badilisha oringi. Kama tone linatoka katikati ya mota na kichwa cha pampu, hiyo ni sili ya shafti: nyuso mbili laini, moja ya kaboni na moja ya seramiki, zinazosuguana zikiwa na utando wa maji katikati. Pampu ikizungushwa kavu hata kwa muda mfupi nyuso hizo zinaungua. Kuibadilisha si kugumu kwa fundi pampu, ila asiziguse nyuso kwa vidole vyenye mafuta, na mota ikiwa imeshaanza kupiga kelele kama kinu cha kokoto, maji yameshafika kwenye beringi na ni nafuu kununua pampu.

Na likitokea bomba la kukata na kuunga, kuna mtego mmoja wa nchi hii. Majakuzi mengi yametengenezwa kwa vipimo vya Kimarekani. Bomba lao la inchi mbili lina milimita 60.3 kwa nje. Bomba la PVC la milimita 63 linalouzwa madukani, ambalo muuzaji naye atakuambia "hii ndiyo inchi mbili", halifanani nalo. Fundi atalazimisha, atajaza gundi kwenye nafasi iliyobaki, na itavuja. Mpe rula ya kalipa apime kabla ya kwenda dukani.

Nakuja kwenye dari, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Jakuzi la watu watano linabeba kama lita 1,300, yaani kilo 1,300. Ongeza ganda lenyewe kilo 300 na ushee, ongeza watu wazima watano, unafika tani mbili kwenye mita nne za mraba. Hiyo ni kilo 500 kwa kila mita ya mraba. Zege la nyumba ya kuishi kwa kawaida hupigiwa hesabu ya mzigo wa kilo 150 mpaka 200 kwa mita ya mraba. Sisemi litaanguka, kwa sababu zege hujengwa na akiba, na sijui nondo zenu zimepangwaje. Nasema hakuna aliyelipigia hesabu jakuzi hili. Sasa ongeza mwezi mmoja wa maji yenye chumvi na klorini yanayopenya. Chumvi ikifika kwenye nondo zinaanza kutu, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, na zege linapasuliwa kutoka ndani. Doa la kahawia linaweza kuwa vumbi na rangi ya jipsamu tu. Linaweza pia kuwa kutu. Gonga dari pembeni ya doa kwa kifundo cha kidole: mlio wa uwazi, au ufa unaofuata mstari ulionyooka, au lipu inayodondoka vipande, ni sababu ya kumwita mhandisi wa majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi wiki hii hii. Hata usipoona dalili hizo, kabla ya kulijaza tena kwa sherehe ya watu watano ningetaka mhandisi aone. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na dari la sebule.

Kwa hiyo, kama jakuzi ni langu, leo ningefanya kipimo cha ndoo na kungoja levo itulie kwa siku mbili, kwa sababu levo hiyo ndiyo itakayokuokolea hela. Kisha ningeyatoa maji yote kwa mpira, kwa njia ya kuvuta kwa uzito bila pampu. Usiyamwage kwenye maua siku hiyo hiyo kama yana klorini, na usiyaache yatiririke juu ya zege. Uzito ukishaondoka dari itapumzika, na fundi umeme atafanya kazi yake pakavu. Jeti mnaweza kuitengeneza wenyewe wewe na mumeo Jumamosi moja. Sioni sababu ya kumlipa mtu kukaza nati. Jakuzi si kitu cha miujiza. Jina lenyewe ni la ukoo wa ndugu wa Kiitaliano waliohamia California wakawa wanatengeneza pampu, na mwaka 1956 wakaanza kuuza pampu ya kuweka ndani ya bafu baada ya kuibuni kwa ajili ya mtoto wa mmoja wao aliyesumbuliwa na baridi yabisi. Beseni, pampu na hita, hakuna zaidi.

Likikaa tupu, lifunike na turubai ya rangi nyeupe au makuti, sio kwa ajili ya vumbi bali jua. Ganda tupu kwenye jua la Dar linapata joto ambalo maji yangelipunguza, na akriliki inaweza kuvimba na kuachana na faiba ya nyuma. Hapo ndipo fundi wa kwanza atakuwa na haki ya kusema limeharibika.

Siku ya kulijaza tena, msiingie siku hiyo. Maji yaliyolala kwenye mabomba kwa wiki kadhaa, kwenye joto letu, huzaa vijidudu, wakiwemo wale wanaoleta nimonia mtu akivuta mvuke wake. Jaza, tia klorini, zungusha pampu na jeti zote zikiwa wazi, toa maji yale, jaza upya. Kisha pima kwa vile vijikaratasi vya rangi: klorini isipungue 3 ppm (miligramu 3 kwa lita), pH, yaani kipimo cha ukali wa maji, iwe kati ya 7.0 na 7.8. Na kabla ya mtoto yeyote kutia mguu, bonyeza kile kitufe cha kujaribia cha RCD. Ikianguka, iinue, mwite aogelee.